Tutazame Chakula Kabla ya Kulaumu Miguu



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kusema neno juu ya vifaranga wa bata bukini, yaani wale bata wakubwa wenye shingo ndefu wanaokaa nyuma ya jiko la shule yetu. Najua wako watakaocheka, wakisema kwamba mwanafunzi wa kidato cha sita hana budi kuandika juu ya mambo makubwa ya dunia. Na wacheke, lakini wasome hata mwisho. Jambo hili lilimpata mwenzetu mmoja, naye alipata adhabu isiyokuwa yake, na mimi ndimi niliyemshitaki.

Mwaka jana, mwezi wa Machi, bata bukini wawili wa Chama cha Ukulima waliangua vifaranga 12. Mvua zilikuwa zimeanza, na mwewe walikuwa wengi juu ya uwanja. Kwa hivi mimi, kwa kuwa nalikuwa mkubwa wa chama, niliamuru vifaranga wafungiwe katika chumba cha zamani cha kuwekea kuni. Mlezi wao alikuwa kijana wa kidato cha kwanza, mtoto mpole asiyesema sana. Chakula chao kilikuwa pumba za mahindi zilizolowekwa na makombo ya posho kutoka jikoni. Nalidhani ni chakula chema, maana kilikuwa kingi na vifaranga walikila kwa pupa.

Wiki mbili hazijatimia, kifaranga wa kwanza akaanza kulegea. Hakukimbia na wenzake. Akipiga hatua mbili tatu hukaa chini, na akitaka kwenda chakulani hutambaa akijivuta kwa vile viungo vya mguu ambavyo wengi wetu huviita magoti, ingawa kwa kweli ni vifundo. Siku iliyofuata wakawa wawili, na kabla ya wiki kwisha wakawa watano. Vifundo vyao vilikuwa vimevimba, na miguu ya baadhi yao imepinda kama upinde.

Hapo tulifanya nini? Wako waliosema ni baridi ya sakafu. Wako waliosema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu mwenye jicho baya. Mimi nilijiona mwenye akili kuliko wao, nikatafuta mkosaji. Nilikuwa nimemwona yule kijana akiwafukuza vifaranga kwa kifimbo jioni ili waingie chumbani, basi nikamwambia mwalimu kwamba amewapiga miguu. Kijana akakana. Hakuna aliyemsadiki. Akatolewa katika chama na kufyekeshwa majani wiki mbili. Tena nikashauri wale vifaranga wawili waliolegea zaidi wauawe, nao wakauawa na kuzikwa nyuma ya choo.

Siku chache baadaye daktari wa mifugo alikuja kuwatazama ng'ombe wa shule, nami nikamwonyesha wale watatu waliobaki wagonjwa. Hakuuliza nani amewapiga. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Wanakula nini?" Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akaingia chumbani akachuchumaa na kuwashika mmoja mmoja. Nataka kuwaelezeni alivyofanya, maana kila mfugaji aweza kufanya vivyo hivyo kwa mikono yake mwenyewe.

Kwanza aliubinya mdomo wa kifaranga na kuupapasa mfupa wa mguu. Mdomo ukiwa laini kama mpira, na mfupa ukikubali kupinda, hayo ni matege. Matege hutokana na upungufu wa vitamini D, au wa chokaa na fosforasi, na huwapata hasa vifaranga wasioliona jua. Midomo ya wetu ilikuwa migumu. Pili alitazama vidole. Vidole vikijikunja kuelekea ndani kama ngumi, yafaa kushuku upungufu wa vitamini B2. Vya wetu vilikuwa vimenyoka. Tatu alitazama kama miguu imetanuka huku na huku kama ya mtu aliyeteleza, jambo linalowapata vifaranga wanaolelewa juu ya sakafu laini tangu siku za kwanza. Sivyo ilivyokuwa. Nne aligusa vifundo apate kujua kama vina moto, maana kifundo chenye moto na maumivu chaweza kuwa na vijidudu ndani yake, na hapo vitamini peke yake haitoshi. Havikuwa na moto. Mwisho alitafuta alama ya fimbo, jeraha au mfupa uliovunjika. Hakuona hata moja.

Ndipo akasema kwamba, kwa kadiri aonavyo, vifaranga hawa wamekosa niasini, ambayo ni vitamini B3, na kwamba tumewanyima sisi wenyewe kwa mikono yetu, siku baada ya siku, huku tukiwajaza matumbo.

Wasomaji wapenzi, hapa ndipo penye kiini cha habari. Bata bukini si kuku mwenye shingo ndefu. Kifaranga wa kuku wa nyama, katika wiki zake za kwanza, ahitaji niasini kadiri ya miligramu 35 katika kila kilo ya chakula. Kifaranga wa bata wa kawaida ahitaji kadiri ya 55, na kifaranga wa bata bukini kadiri ya 65. Sababu ni kwamba mwili wa kuku waweza kujitengenezea sehemu ya niasini kutoka katika kitu kiitwacho triptofani, kilichomo katika vyakula vya kujenga mwili, lakini bata na bata bukini hawaiwezi kazi hiyo vizuri. Kwa hivi mtu akiwapa chakula cha kuku wachanga kilichotiwa vitamini kwa kipimo cha kuku, huenda wakapungukiwa, ijapokuwa wanakula sana. Na mtu akiwapa pumba za mahindi na posho tu, kama nilivyofanya mimi, basi amewatia shimoni. Niasini iliyomo katika mahindi imefungika, na tumbo haliwezi kuitoa kwa urahisi. Tena mahindi yana triptofani haba.

Dawa tuliyoelekezwa ilikuwa rahisi mno, hata niliona haya. Tulinunua vidonge vya niasini vya miligramu 50 katika duka la dawa. Kila asubuhi tulisaga kidonge kimoja na kukikoroga katika lita moja na nusu ya maji safi, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa maji yao ya kunywa. Ya jana tuliyamwaga. Tulipata chakula cha kuku wachanga, tukatia katika kila kilo gramu 50 za hamira ya pombe iliyokaushwa, ile inayouzwa kama chakula, si hamira hai ya kuumulia mandazi. Tukaongeza mukene wakavu waliosagwa, wale samaki wadogo wa ziwani, na majani mabichi yaliyokatwakatwa. Jua likitoka, nao walitoka, mtu mmoja akilinda mwewe. Chumbani tulitandika magunia ili miguu ipate pa kushika. Na mara mbili kwa siku tuliwaweka wale wagonjwa katika beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika chache, ili wapige miguu pasipo kubeba uzito wa mwili, kisha tukawakausha wasipate baridi.

Siku ya tatu mmoja alisimama. Kabla ya wiki kwisha wawili walikuwa wakitembea na wenzao. Wale saba waliokuwa wazima hawakulegea hata mmoja. Hatukuwa na maabara ya kupima damu, lakini chakula kilipobadilika na ugonjwa ukakoma, nadhani jibu tulilipata. Maji ya niasini tuliendelea kuwapa hata walipotimiza wiki 10, maana ndipo mifupa inapokua kwa haraka.

Lakini yule wa tatu hakunyoka. Aliacha kutambaa, akanenepa, lakini mguu wake wa kushoto umepinda hata leo, nanyi nyote mwamfahamu. Mfupa ukiisha kukua vibaya, au mshipa wa kifundo ukiisha kuhama mahali pake, vitamini haiwezi kuurudisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba kwa mguu wa kifaranga hata huo ukuta huwezi kuujenga. Siku tano nilizozipoteza nikimtafuta mkosaji ndizo zilizompotezea ndege huyo mguu wake, nazo ziliwaua wenzake wawili ambao pengine wangalipona.

Sasa nataka kuwajibu wale wanaopinga. Wa kwanza husema, "Bata wa bibi zetu hawakupewa vidonge, nao walikua." Ni kweli, nami siwabishii. Lakini bata wa bibi hakufungiwa katika chumba cha kuni. Aliamkia uwanjani, akala majani mabichi, wadudu, kumbikumbi, mbegu na mabaki ya kila namna, na jua likamwangaza. Chakula chake kilikuwa cha aina 20, ingawa hakuna aliyekihesabu. Sisi tumemfungia kwa sababu njema, ili mwewe na mvua visimpate. Lakini ukimfungia mnyama umejitwika deni. Yale yote aliyokuwa akijitafutia mwenyewe sasa yakupasa wewe kumletea. Huwezi kumwondolea uwanja na kumpa pumba, kisha ukastaajabu kwamba miguu haimbebi.

Wa pili husema ni upuuzi kununua vitamini za ndege wakati watu wana shida nyingi. Nasema hivi: anayeona ghali kidonge, na ahesabu kwanza kifaranga aliyekufa. Tena si lazima kila mtu anunue. Mukene, majani mabichi na karanga nzuri vina msaada mkubwa, navyo viko katika masoko yetu. Lakini karanga ziwe safi. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye sumu ya kuvu. Vifaranga wa bata ni wepesi sana kudhuriwa na sumu hiyo. Basi karanga yenye ukungu isiyomfaa mtu, haimfai bata vilevile. Wako pia waliotuletea machicha ya malwa kutoka kijijini, kwa kuwa yana hamira ndani yake, na harufu yake ilipofika ofisini tulikuwa na maelezo mengi ya kutoa! Tuliwapa bata wakubwa kidogo tu. Vifaranga hatukuwapa, maana kileo kilichobaki kingaliweza kuwadhuru.

Wala nisieleweke kwamba kadiri unavyozidisha ndivyo unavyofanya vema. Bata bukini ni mla majani. Ukimjaza chakula kizito cha kunenepesha, hukua upesi kupita nguvu ya viungo vyake, na bawa lake huweza kupinduka likatazama nje lisirudi tena. Kipimo ni kipimo.

Wa tatu husema haya ni mambo ya ndege, hayatuhusu. Wenzangu, yatuhusu sana. Kuna ugonjwa wa wanadamu uitwao pelagra, ambao huwababua watu ngozi, ukawaharisha, ukawachanganya akili na mwishowe ukawaua. Mwanzoni mwa karne iliyopita uliwapata maelfu ya maskini kusini mwa Marekani, watu waliokula unga wa mahindi zaidi ya kitu kingine. Wengi walisema ni maambukizo, na wagonjwa wakaogopwa. Mwaka 1914 serikali ya huko ilimtuma daktari Joseph Goldberger auchunguze. Yeye aliona kwamba katika hospitali na nyumba za mayatima wagonjwa walikuwa wale waliolishwa, wala si watumishi waliowahudumia. Akatazama sahani. Mwaka 1915 wafungwa 11 wa shamba la jela huko Mississippi walikubali kula chakula cha namna ile kwa ahadi ya kusamehewa vifungo vyao, na 6 kati yao wakapata dalili za pelagra. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem na wenzake katika chuo kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba kinachoponya ugonjwa wa namna hiyo kwa mbwa ni niasini, na haukupita muda ikawaponya watu pia. Ni vitamini ile ile iliyowasimamisha vifaranga wetu nyuma ya jiko.

Wala si habari ya Marekani tu. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra, zaidi ya watu 17,000. Posho yao ilikuwa ya mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilikuwa zimekosekana. Watu hawakuwa na dhambi, wala hawakuwa wavivu, wala hawakurogwa. Walikosa karanga. Watu wa kale wa Mexico walikuwa na desturi ya kuchemsha mahindi kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo huifungua niasini iliyofungika. Mahindi yaliposafiri kuja nchi nyingine, hekima hiyo haikusafiri pamoja nayo. Kwa hivi mwenzangu anayeyatoa maharage katika sahani yake akala posho tupu, au anayedharau karanga na mukene kwa kudhani ni chakula cha maskini, na amtazame yule bata wetu mwenye mguu uliopinda.

Basi natoa maoni yangu kwa ufupi. Kwanza, Chama cha Ukulima kiwe na daftari la chakula, na kila siku iandikwe ndege wamepewa nini na kiasi gani, ili mgonjwa akitokea tupate pa kutazama. Tangu muhula uliopita daftari hilo limeanza, na naomba watakaobaki nyuma yetu wasiliache. Pili, kifaranga wa bata au wa bata bukini asilelewe kwa pumba peke yake, wala kwa chakula cha kuku pasipo nyongeza. Tatu, kifaranga akilegea, dawa ianze siku ile ile, huku tukichunguza mdomo, mifupa, vidole na vifundo. Asiuawe kabla chakula chake hakijapimwa. Na kaka zetu mliomaliza masomo hapa, mlio na mabanda makubwa huko nyumbani au mnaofanya kazi katika ofisi za kilimo na mifugo, tunaomba mtuandikie mliyoyaona katika ufugaji wenu, hata makosa. Makosa ya mkubwa ni shule ya mdogo.

Jambo la nne ni zito kwangu kuliko yote. Mtu asiadhibiwe kwa ugonjwa wa mnyama kabla mkubwa wake hajaulizwa alitoa amri gani. Pumba nilizichagua mimi. Mlango niliufunga mimi. Yule kijana alifanya alivyoambiwa, tena kwa uaminifu, na kifimbo chake hakikumgusa ndege yeyote. Mwalimu amekwisha kumrudisha katika chama, na nilimwomba radhi faraghani. Lakini nilimshitaki mbele ya watu, kwa hivi namwomba radhi mbele ya watu, katika gazeti hili litakalosomwa na wenzake na wakubwa wake.

Nilipomwuliza mbona hakujitetea zaidi siku ile, alinijibu kwamba alikuwa amekwisha kuniambia, siku ya tatu tangu vifaranga waanguliwe, kwamba wanapenda majani kuliko pumba, nami nikamwambia afuate amri. Nimejaribu kuikumbuka siku hiyo, nami naikumbuka. Alisema hivyo.

Hayo ndiyo maoni yangu, Bwana Mhariri.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita